Usingizi na Akili

Wilayani Kaliua, mkoa wa Tabora, wakulima wengi hukausha tumbaku kwa moto ndani ya bani. Moto huo huchochewa usiku na mchana kwa siku kadhaa, wala hauachwi uzimike. Aliyekesha akiuchochea huweza kusoma hesabu moja asubuhi mara tatu asiielewe. Je, ni mvivu? La, ubongo wake umechoka.

Tulalapo, ubongo hauachi kazi: huyaimarisha mambo tuliyojifunza mchana. Asiyelala vya kutosha hukawia kufikiri, na mawazo yake hutangatanga. Mtoto wa umri wako huhitaji usingizi wa saa 9 hadi 12. Mkesha wa bani ni kazi ya watu wazima, nao yafaa wapokezane.

Kwa juma moja, andika daftarini saa uliyolala na saa uliyoamka. Ni siku gani ulizielewa hesabu upesi?