Anakula Sana lakini Anakonda: Kwa Nini?



Vijijini watu hushangaa wanapomwona mtu anakula sana huku mwili wake unapungua. Wengine husema ana minyoo. Wengine husema amerogwa. Wengine humcheka na kumwita mlafi. Leo tujifunze jinsi mwili unavyojua njaa na shibe, na jinsi unavyotunza sukari katika damu. Ukiyaelewa hayo, utajua la kufanya ukimwona mtu wa namna hiyo nyumbani kwako.

NJAA HUTOKA WAPI?

Tumbo na ubongo hupelekeana habari. Habari nyingine hupita katika mishipa ya fahamu. Nyingine huchukuliwa na homoni. Homoni ni kama tarishi: hutoka sehemu moja ya mwili, husafiri ndani ya damu, na kupeleka ujumbe sehemu nyingine.

Tumbo likiwa tupu hutoa homoni iitwayo grelini. Wataalamu wa Japani waliigundua mwaka 1999. Grelini huuambia ubongo: "Chakula kimekwisha." Ndipo wewe unasikia njaa.

SHIBE HUJA POLEPOLE

Ukila, tumbo hutanuka. Kisha chakula huingia utumbo mdogo. Utumbo nao hutoa homoni zake. Homoni hizo hufanya kazi tatu. Huuambia ubongo kwamba chakula kimefika. Hulipunguza tumbo mwendo, ili chakula kisishuke chote kwa mara moja. Tena huliambia kongosho lijiandae, kwa sababu sukari inakuja.

Ujumbe huo huchukua muda, kama dakika 20 hivi. Anayekula haraka humaliza sahani ya pili kabla ubongo haujapata habari ya sahani ya kwanza. Kwa hiyo kula polepole na utafune vizuri. Ukitaka kuongeza, ngoja kidogo kwanza.

KAZI YA KONGOSHO

Wanga wa ugali, mihogo, viazi na ndizi hugeuka sukari na kuingia katika damu. Sukari hiyo ni nguvu ya mwili. Lakini damu inahitaji kiasi kidogo tu. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Kabla hajala, sukari iliyomo katika damu hiyo yote ni kama gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Soda moja ya kawaida ya mililita 300 ina sukari kama gramu 30, na huingia katika damu upesi. Dona, kunde, maharage na mboga za majani huenda taratibu.

Anayezuia sukari isizidi ni kongosho. Hiki ni kiungo kilicho nyuma ya tumbo. Kongosho hutoa homoni iitwayo insulini. Insulini ni kama ufunguo: hufungua mlango ili sukari itoke katika damu na kuingia katika nyama za mwili. Mwaka 1964 wataalamu walionyesha kwamba mtu akinywa sukari, kongosho hutoa insulini nyingi kuliko akiingiziwa sukari hiyo moja kwa moja katika mshipa wa damu. Maana yake ni kwamba utumbo huliamsha kongosho mapema.

UJUMBE UKIKATIKA

Sasa turudi kwa yule anayekula sana na kukonda. Huenda kongosho lake halitoi insulini, au insulini yake haifanyi kazi sawasawa. Damu imejaa sukari, lakini nyama za mwili hazipati kitu. Ni kama mtu anayelala njaa karibu na ghala lililofungwa. Mwili unaona njaa, kwa hiyo anakula tena. Sukari iliyozidi hutoka na mkojo, na huvuta maji mengi. Ndiyo maana anakojoa mara kwa mara na kusikia kiu sana. Huu ni ugonjwa wa kisukari. Siyo ulafi, wala si uchawi.

Watoto pia hupata ugonjwa huu. Mtoto aliyeacha kukojoa kitandani huanza tena. Anakunywa maji mengi na anakonda haraka. Baadaye anatapika, anahema kwa nguvu, pumzi yake inanukia kama matunda yaliyoiva mno, na anasinzia. Hapo watu hudhani ni malaria tu. Akicheleweshwa, atakufa.

FANYA HIVI

1. Ukiona dalili hizo, mpeleke mgonjwa kwenye kituo cha tiba siku hiyo hiyo. Sema wazi: "Naomba apimwe sukari." Hata akikutwa na malaria, apimwe sukari pia. Kipimo hutumia tone moja la damu.

2. Usimnyime maji kwa sababu anakojoa sana. Maji yanampotea mwilini.

3. Mtoto aliyeandikiwa insulini achomwe kila siku, wala asiachishwe kwa ajili ya dawa nyingine. Insulini iligunduliwa Toronto, nchini Kanada, mwaka 1921. Mgonjwa wa kwanza kutibiwa, Januari 1922, alikuwa mvulana wa miaka 14. Kabla ya hapo watoto wenye ugonjwa huu walikuwa wanakufa.

4. Anayetumia insulini asikose chakula. Akitetemeka, akitoka jasho na kusikia njaa ya ghafla, sukari imeshuka mno. Kama ana fahamu na anaweza kumeza, mpe chai yenye sukari nyingi upesi. Kama amezimia usimtie kitu mdomoni. Mkimbizeni hospitali.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini ni vizuri kula polepole?
2. Insulini hutoka wapi, na kazi yake ni nini?
3. Je, kijijini kwenu yuko mtu anayekula sana na kukonda? Nani atamsindikiza kwenda kupimwa?