Ada ya Maegesho Mjini Kigali: Kwa Nini Itozwe, na Itozwe Vipi

Wasikilizaji, miongoni mwa mambo yanayozusha mabishano makali katika miji ya Afrika Mashariki, ada ya kuegesha magari haiwezi kusahauliwa. Si jambo kubwa kama vita au njaa. Hata hivyo, ni jambo linalomkutanisha raia na mamlaka ya mji ana kwa ana, kando ya barabara, mara kadhaa kwa juma. Makutano hayo yakiwa ya haki, raia huiheshimu mamlaka. Yakiwa ya dhuluma, hata kama ni ndogo, raia hujifunza kuichukia. Kwa sababu hiyo inafaa jambo hili lielezwe kwa utulivu, na hasa kwa askari na polisi, ambao wanahusika nalo kwa namna zaidi ya moja.

Hapana budi kuanza na ardhi yenyewe. Katikati ya mji wa Kigali, yaani Nyarugenge, ni mgongo wa kilima. Barabara zake hufuata miteremko, na mahali tambarare ni pachache. Mji ulioanzishwa mwaka 1907 na kuwa makao makuu ya nchi huru mwaka 1962 ulikuwa mdogo sana. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,745,555 katika Jiji zima la Kigali. Watu wameongezeka, magari yameongezeka, lakini kilima hakikuongezeka. Zaidi ya hayo, mwaka 2015 sehemu ya barabara ya KN 4, katika moyo wa mji, ilifungwa kwa magari ili iwe ya waendao kwa miguu, na mwaka 2022 mahali hapo palifunguliwa upya kwa jina la Imbuga City Walk. Uamuzi huo una faida zake, lakini magari yaliyokuwa yakisimama hapo yalilazimika kutafuta mahali pengine.

Chukua sasa mfano wa mkazi wa Kabeza mwenye gari. Anatoka nyumbani alfajiri, anapita Giporoso na Remera, anafika mjini saa moja na nusu asubuhi, anaegesha mbele ya duka, kisha anaingia ofisini hadi saa kumi na moja na nusu jioni. Kwa muda wa saa kumi, nafasi ile imemhudumia mtu mmoja tu. Lau kila gari lingesimama hapo kwa saa moja, nafasi hiyo hiyo ingewahudumia watu kumi: mama aliyekuja kununua dawa, mwanafunzi aliyefuata vitabu, mfanyabiashara aliyeleta mzigo. Wote hao, wasipopata nafasi, huzunguka barabara ile ile mara tatu au nne, wakiongeza msongamano na kuteketeza mafuta, au husimama pasiporuhusiwa na kumlazimisha polisi wa usalama barabarani kuingilia kati.

Hii ndiyo hoja ya kwanza ya wanaounga mkono ada, nayo ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mtambo wa kwanza wa kulipia maegesho uliwekwa mwezi Julai mwaka 1935 katika mji wa Oklahoma City, Marekani, kwa senti 5 kwa saa. Kilio kilichouleta kilikuwa cha wenye maduka, waliochoka kuona wafanyakazi wa mjini wakiziba nafasi zote kutwa nzima, huku wateja wakikosa pa kusimama. Mtaalamu wa Marekani, Donald Shoup, katika kitabu chake cha mwaka 2005, alieleza kipimo kilicho rahisi kukumbuka: ada iwe ya kiasi cha kuacha nafasi moja au mbili wazi katika kila kipande cha barabara. Ikiwa nafasi zote zimejaa, ada ni ndogo mno. Ikiwa nafasi nyingi ni tupu, ada ni kubwa mno. Alishauri pia kwamba fedha zinazopatikana zitumike kuutengeneza mtaa ule ule zilikotoka.

Wapinzani wa ada nao wana hoja zisizopaswa kupuuzwa. Wanauliza: mwenye gari amekwisha kulipa ushuru wa kuliingiza nchini na kodi iliyomo katika mafuta, kwa nini alipe tena kwa kusimama juu ya barabara iliyojengwa kwa kodi yake? Jibu ni kwamba barabara ilijengwa kwa kodi ya wote, akiwemo yule anayepanda basi au pikipiki, au anayetembea kwa miguu kutoka Nyabugogo. Anayeshika sehemu ya mali ya wote kwa saa nyingi, na kuwazuia wengine, ana haki ya kuilipia. Lakini jibu hilo lina nguvu pale tu usafiri wa abiria unapofaa. Mtu ambaye hana basi la kutegemewa hawezi kuambiwa aache gari nyumbani. Kwake ada si ushauri bali ni adhabu.

Namna ya kutoza ina uzito kama ada yenyewe. Mjini Nairobi, kwa miaka mingi dereva alilipa kiasi kimoja kwa siku nzima. Mwaka 2013 serikali ya kaunti ilipotaka kukipandisha kutoka shilingi 140 hadi 300, ugomvi ulikuwa mkubwa. Kasoro ya utaratibu huo ni dhahiri: aliyesimama dakika kumi analipa sawa na aliyesimama kutwa, na aliyekwisha kulipa hana sababu ya kuondoka mapema. Nchini Tanzania, mwaka 2021, wakala wa barabara za mijini na vijijini, TARURA, ulianza kutoza kwa njia ya kielektroniki, dereva akilipa kwa namba ya kumbukumbu badala ya kumpa mtu fedha mkononi. Njia hiyo hupunguza wizi, lakini huzaa lawama mpya pale dereva anapokuta deni ambalo hakujua lilianza lini.

Mjini Kigali jambo hili lina sura ya pekee. Kazi ya kukusanya ada ya maegesho imekuwa kwa miaka mingi mikononi mwa ushirika wa wanajeshi waliostaafu, unaojulikana kwa herufi KVCS. Rwanda iliunda mwaka 1997 tume ya kuwarejesha wapiganaji katika maisha ya kiraia, nayo ilishughulikia waliotoka katika jeshi la RPA, katika jeshi la zamani, na katika vikundi vya silaha. Kumpa cheti cha kuachishwa jeshi mtu aliyezoea bunduki ni jambo jepesi. Kumpa kazi ya heshima ndiyo kazi ngumu. Kwa hiyo ada hii, mbali na kupanga magari, imekuwa pia chakula cha nyumba za watu waliowahi kuvaa sare.

Hapo ndipo penye mtihani. Wema wa kusudi haumwondolei mtozaji wajibu wa kutoza kwa haki. Mkusanyaji wa ada si polisi. Hana mamlaka ya kumkamata mtu wala ya kumtolea maneno makali. Ana wajibu wa kuonyesha saa gari lilipofika, kutoa stakabadhi, na kumwelekeza mlalamikaji mahali pa kupeleka malalamiko. Bango la bei liwe mahali linapoonekana. Faini itenganishwe na ada, na isiwe chanzo cha mapato kinachotegemea kosa la dereva. Mambo haya yasipokuwapo, hata mstaafu mwaminifu ataonekana mnyang'anyi.

Wajibu upo vilevile kwa upande wa pili. Gari la jeshi au la polisi lililo kazini lina haki yake, na hakuna mwenye akili atakayelizuia. Lakini gari la binafsi la ofisa aliyekwenda sokoni siku ya mapumziko ni gari la raia kama mengine. Askari anayekataa kulipa kwa kuonyesha kitambulisho anamdhalilisha mtu aliyesimama juani, ambaye pengine alilinda mpaka kabla yake. Na raia anayeshuhudia hayo hujiuliza kwa nini yeye alipe.

Mjadala wa maegesho hautakwisha, kwani miji inakua, na hata vituo vya biashara kama Kabeza vitafikwa na swali hili. Kinachotakiwa ni kwamba ada iwe ya wastani na ipimwe kwa nafasi zinazobaki wazi, hesabu yake itangazwe kwa wananchi, na kila mwenye gari, awe na nyota begani au asiwe nayo, alipe kwa kipimo kimoja.