Nchi ya angani inayosadikika

Na Mwandishi Wetu

"MWANANGU, hiyo nchi iko wapi?" aliniuliza mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge, ndani ya basi la Arusha kwenda Nairobi, akikitazama kitabu mapajani mwangu. Nikamjibu kuwa iko angani. Akacheka, kisha akaomba nimsimulie. Tulipokaribia Namanga alikuwa na swali jingine: "Sasa na huyu naye atafungwa?"

Kitabu chenyewe ni Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951. Nchi hiyo inaelea hewani na majirani zake ni pepo. Kwa nini basi mtu mzima, mwenye marobota ya kuwaza, aihofie?

Kwa maoni yangu, ni kwa sababu mwandishi anatuomba tukubali jambo moja tu lisilowezekana. Mengine tunayafahamu vizuri mno. Yupo mfalme, yupo waziri aitwaye Majivuno, lipo baraza na yupo mshitakiwa, Karama, ambaye kosa lake ni kuanzisha mafunzo ya sheria. Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, juu na chini kutafuta mambo ya kuifaa nchi. Kila mmoja alitaabika njiani, akarudi na maarifa, akatiwa gerezani.

Ukifika kwa mjumbe wa tatu, umeshaijua desturi ya Kusadikika: anayeleta jipya kutoka nje hulipia. Desturi hiyo haipindishwi ili kumwokoa mtu tunayempenda, na hapo ndipo hofu inapoingia. Waandishi wengi wa hadithi za ajabu hujikwaa hapa. Shujaa akibanwa, jini linatokea; akibanwa tena, linatokea jingine. Ni sawa na mpaka ambao ushuru wake hubadilika kila asubuhi. Nani atapiga hesabu ya faida hapo? Msomaji naye huacha kupiga hesabu, akafunga kitabu.

Wasomaji wa ukurasa huu huenda wakapenda kujua kwamba Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha kuanzia 1926 hadi 1944, Pangani ikiwa miongoni mwa vituo vyake. Kukisia ni kwangu, lakini mtu aliyekaa miaka hiyo yote kwenye kazi ya kukagua shehena lazima alijua jinsi msafiri anavyotazamwa anaporudi na kitu ambacho wenyeji hawajakizoea.

Nina lalamiko moja. Waziri anayeitwa Majivuno tumeshamjua kabla hajafungua kinywa. Ningependa anitie shaka kidogo, hata kwa ukurasa mmoja.

Mama wa vitenge hakujali hilo. Alitaka kujua hukumu ya Karama, nami nikakataa kumwambia. Akaandika jina la kitabu nyuma ya risiti, akashuka kwenda kupanga foleni.