Msiniulize Tena Kitabu cha Kiingereza cha Mtoto wa Miaka Mitatu

Swali huja na msimu wa kahawa. Hela ikishaingia, ile iliyosalimika na butura, yaani kuuza kahawa ikiwa bado shambani, mzazi ananisimamisha Kayanga mjini au ananipigia kutoka Nkwenda: "Mwalimu, nimnunulie mwanangu kitabu gani cha hadithi cha Kiingereza? Ana miaka mitatu, sitaki achelewe." Nikiuliza nyumbani mnazungumza lugha gani, sauti inashuka: "Kinyambo, mwalimu, lakini tumeshaanza kumkataza."

Jibu langu ni hakuna. Sina kitabu cha Kiingereza cha kumtajia mtoto wa miaka mitatu ambaye nyumbani kwao hakuna anayetania wala kugomba kwa Kiingereza. Jibu hili nimelitoa kwenye vikao vya wazazi, nje ya kanisa baada ya ibada, hata kwenye foleni ya benki, na kila mara muulizaji hunitazama kama mganga anayeficha dawa. Kwa hiyo leo naliandika. Anayetaka alikate alibandike ukutani.

Kiingereza chenyewe hakina kosa. Nakifundisha, na watoto wa Karagwe na Kyerwa watakihitaji. Kinachoniudhi ni imani iliyojibanza ndani ya swali: kwamba kichwa cha mtoto kina nafasi finyu, Kinyambo kikitangulia kuingia basi Kiswahili kitakosa pa kukaa, na Kiingereza ndiyo kabisa. Kwa imani hiyo bibi anaamriwa asimsimulie mjukuu kwa Kinyambo, na shangazi aliyemaliza kidato cha nne anakabidhiwa Snow White ya mtumba amsomee. Shangazi anatamka maneno ambayo hata yeye nusu yake hayamwingii. Mtoto anatazama picha mbili, anateremka, anakwenda kufukuza kuku. Kesho yake naambiwa mtoto hapendi vitabu. Anavipenda sana. Hapendi kusomewa kitu ambacho hata msomaji hakielewi, na katika hilo ana haki.

Tuanze na kusoma ni nini, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer walieleza jambo ambalo tafiti nyingi zimelipima tangu hapo: kusoma ni uwezo wa kuyageuza maandishi kuwa maneno, mara uwezo wa kuielewa lugha yenyewe. Walisema mara, hawakusema jumlisha. Ukizidisha kwa sifuri unapata sifuri. Mtoto anayetamka ukurasa mzima wa Kiingereza bila kujua nani amemfanya nani nini hajasoma. Amepiga kelele kwa adabu, na wageni wamempigia makofi.

Uwezo wa kwanza hufundishwa shuleni. Wa pili huanza kujengwa miaka mingi kabla ya shule, kwa kusimuliwa, kuuliza, kukatiza, kubishana kwa nini fisi amedanganyika tena ilhali jana alidanganywa vilevile. Huwezi kuujenga kwa lugha ambayo watu wa nyumbani hawaimudu. Kwa kaya nyingi za Ihembe au Kaisho lugha wanayoimudu ni Kinyambo. Kwingine ni Kihaya, na kule Murongo mpakani Kinyankole nacho kimo. Mzazi anayeikataza lugha ya nyumbani, huku Kiswahili chake ni cha sokoni na Kiingereza hana, anabaki na maneno manne ya kumwambia mwanawe: njoo, kaa, acha, kula. Mtoto hakui kilugha kwa amri.

"Lakini Kinyambo hakimo kwenye mtihani." Kweli, shule zetu nyingi za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili. Tazameni basi lugha hizi mbili zilivyo jirani. Zote za Kibantu, zote zina irabu zilezile tano. Omwana na mwana, omuti na mti: mtoto anayejua kwamba maneno huwa na kichwa kinachobadilika kikiwa kimoja au vingi ameshaijua nusu ya sarufi ya Kiswahili kabla hajaandikishwa. Wanaodhani Kinyambo ni mlio wa kijijini usio na kanuni wamsome Josephat Rugemalira, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuchapisha msamiati wa lugha hiyo mwaka 2002 na sarufi yake mwaka 2005. Sarufi ile imewatoa jasho wanafunzi wa shahada.

Kiswahili nacho kina zawadi ambayo hatuithamini: kinaandikwa kinavyosikika. Silabi ba ni ba Kyerwa, ni ba Kizimkazi. Kiingereza hakiko hivyo. Herufi a ina sauti yake katika cat, nyingine katika cake, nyingine katika call. Philip Seymour na wenzake walipolinganisha watoto wa nchi za Ulaya, matokeo wakayachapisha mwaka 2003, waliona wanaojifunza kusoma kwa Kiingereza wanahitaji zaidi ya mara mbili ya muda wanaouhitaji wenzao wengi wa lugha nyingine kufika hatua ileile ya msingi. Na hao ni watoto ambao Kiingereza ni lugha ya mama zao! Wa kwetu mnataka waanzie kwenye mwamba, wasiijue lugha wala tahajia, halafu mshangae wakikwama darasa la tatu.

Kuna anayesema Ulaya ni mbali. Haya, njooni Nigeria. Kuanzia mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Ife, chini ya Babs Fafunwa, kiliwafundisha watoto miaka yote sita ya shule ya msingi kwa Kiyoruba, huku Kiingereza kikifundishwa vizuri kama somo. Hawakubaki nyuma ya wenzao waliofundishwa kwa Kiingereza, na katika masomo kadhaa, Kiingereza chenyewe kikiwemo, waliwazidi. Miaka zaidi ya hamsini imepita tangu mradi uanze, na bado naulizwa kama Kinyambo kitamharibu mtoto.

Pingamizi linalofuata nalijua kwa moyo: "Akizoea Kinyambo atachanganya r na l, atasema kura badala ya kula, watamcheka Dar." Matamshi ya Kiswahili mtoto huyaokota kwenye Kiswahili anachosikia. Ikiwa kila mtu mzima anayemsemesha Kiswahili anachanganya r na l, naye atachanganya, hata kama hajasikia ngano moja ya Kinyambo maishani mwake. Msikilizishe Kiswahili kingi cha watu mbalimbali, redio ipo. Bibi ana kosa gani hapo? Na kama ana miaka mitatu tu, muacheni: r ni miongoni mwa sauti zinazochelewa kwa watoto wengi duniani.

Nisiisahau na dawa ya gulioni. Zile kompyuta za plastiki zinazopangwa chini Omurushaka, ukizibonyeza zinaimba alfabeti ya Kiingereza. Mtoto anaikariri, baba anajisifu kijiweni. Sasa fikirieni kazi anayoachiwa mwalimu wa darasa la kwanza: mtoto ameshika kwamba herufi e inaitwa "ii" na herufi i inaitwa "ai", kisha anaonyeshwa neno "meli" na kuambiwa asome. Muda wa kufundisha unaliwa na kufundua. Anayetaka mwanawe aimbe, amfundishe wimbo. Betri za kile kitu zinaisha haraka, nami huzishukuru.

Hadithi basi inafanyaje kazi? Peter Seitel, Mmarekani aliyerekodi ngano za Wahaya na kuzichapisha mwaka 1980, jina la kitabu chake alilichukua kwenye kitikio cha wasikilizaji, wanaomtaka msimulizi aone ili nao waone. Ngano za ukanda wetu hazikuwa hotuba. Msikilizaji asipoitikia, msimulizi ananyamaza. Miaka minane baadaye, mwaka 1988, Grover Whitehurst na wenzake kule Marekani waliwafunza wazazi wa watoto wa miaka miwili hivi kusoma kitabu cha picha kwa mtindo wa kuuliza maswali yasiyo ya ndiyo na hapana, kupokea jibu la mtoto na kulirefusha. Wazazi wengine walisoma kwa wingi uleule bila kufunzwa. Baada ya mwezi, watoto wa kundi la kwanza walikuwa wamewaacha wenzao mbali katika kujieleza. Vitabu havikuwatofautisha, mazungumzo ndiyo yaliyowatofautisha. Bibi zetu walikuwa na nusu ya mbinu hiyo mkononi, nasi tukawaambia wakae kimya.

Swali dogo la pembeni: hadithi za kizungu zina madhara? Hazina. Hadithi ni wasafiri wa zamani. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu, alipochapisha ngano za Unguja mwaka 1870, ilikuwamo ile ya maskini anayechakura jaani akanunua paa, na paa huyo kwa ujanja wake akamwoza binti wa sultani. Ni ndugu kabisa wa paka mwenye viatu aliyeandikwa na Charles Perrault Ufaransa mwaka 1697. Ya kwetu inauma zaidi, kwa kuwa maskini yule anamsaliti paa wake na kurudi jaani. Kima aliyemdanganya papa kwamba moyo ameuacha mtini anasimuliwa India pia, papa akiwa mamba. Elisi wa Lewis Carroll aliingia Kiswahili mwaka 1940 akiwa amechorwa msichana wa Kiafrika, na mwaka 2015 Ida Hadjivayanis akatutolea tafsiri mpya. Mtoto hasumbuliwi na sungura mwenye saa, na zimwi halijamsumbua kamwe. Simulieni Snow White mkitaka, kwa Kinyambo, na wale vibeti saba wakae kwenye migomba. Ila kwa Elisi na yule mjanja wa hekaya, Abunuwasi, msubirini mtoto afike miaka sita au saba, na visa vya Abunuwasi mvichague kwanza, vingine ni vya baraza la watu wazima. Kibanga Ampiga Mkoloni na Sizitaki Mbichi Hizi, ambazo wazazi wa rika langu huniomba kila mara, tulizisoma shuleni tukiwa tayari tunajua kusoma. Mtoto wa miaka mitatu hana mkoloni wa kumpiga.

Ningependa tuwe na vya kwetu zaidi. Ng'ombe wa chuma wa ikulu ya Bweranyange, ambao masimulizi yanawahusisha na Mfalme Ndagara, au maji ya Mtagata yanayotoka ardhini yakiwa ya moto bila kuni: hivyo ni vitabu vya picha vinavyosubiri mchoraji. Ng'ambo tu ya mto Kagera, Wanyarwanda walianzisha Editions Bakame mwaka 1995, nchi ikiwa bado inazika wafu wa mauaji ya kimbari, wakaanza kuwachapishia watoto wao vitabu kwa Kinyarwanda. Sisi tuna kisingizio gani?

Sasa mnachotaka, haraka haraka, nafasi imekwisha. Hadi miaka mitatu: kitabu cha picha, maneno machache au bila maneno, fungua, onyesha, uliza kwa lugha ya nyumbani, maandishi yaache. Miaka minne na mitano: kitabu cha Kiswahili, sentensi moja au mbili kwa ukurasa, kisome peke yako kwanza, kisha msomee, kigeuze kwa Kinyambo panapomchanganya, rudi kwenye Kiswahili. Akitaka kilekile mara ya ishirini, msomee, ndivyo wanavyojifunza. Dukani ulizia vya Mkuki na Nyota ya Walter Bgoya, mzaliwa wa Ngara hapo jirani; vya E&D Vision; vya Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991. Hapa hakuna? Agiza Dar kwa basi, vyepesi hivyo. Ukikutana na kitabu cha John Kilaka wa Sumbawanga, hata kwa lugha usiyoijua, kichukue, picha zake zinajisimulia zenyewe. Huna hela ya kununua? African Storybook ipo kwenye intaneti tangu 2014, bure. Pakua cha Kiswahili, kachapishe steshenari, rangi si lazima. Leseni zake zinaruhusu kunakili na kutafsiri, kwa hiyo walimu wa awali mnaweza kukaa na bibi wawili watatu mkatoa toleo la Kinyambo. Vya Kinyambo ni adimu, anzeni. Hata intaneti huna: daftari, penseli, mtoto asimulie, wewe uandike, yeye achore. Ukienda Bukoba ingia maktaba ya mkoa. Katuni za Akili and Me si mbaya, mradi ukae naye muulizane. Simu haina jicho la kuona kama mtoto amepotea njiani. Mliokwishalipa ada ya shule ya Kiingereza, msilie: shule ishughulike na Kiingereza chake, nyumbani mwendelee kusimulia kwa lugha yenu.

Na kitabu kikae mahali mtoto anapofikia. Nimeviona vingi vimefungiwa kabatini na nailoni zake, eti visichafuke. Cha mtoto wa miaka miwili kikifika Krismasi hakina pembe iliyotafunwa wala ukurasa uliobandikwa kwa gundi, hakijafunguliwa.