Mzinga Mtupu na Mnara wa Simu

Butembo, katika Kivu Kaskazini nchini Kongo, ni mji wa vilima, na vilele vingi vinavyoonekana kutoka mjini vina mnara wa simu. Ukishika barabara ya kuteremka kuelekea Beni, kiasi cha kilomita 54, unaikuta minara mingine njiani. Huku simu imeshika maisha: inapeleka bei ya kahawa na kakao, inatuma ada ya mtoto, inampasha msafiri kama barabara ni salama leo. Katika vilima hivyohivyo, kati ya migomba na mikaratusi, wafugaji wametundika mizinga. Nyuki wakipotea, jicho linapanda moja kwa moja hadi kwenye antena.

Hofu hiyo haikuzaliwa Kivu. Mwishoni mwa mwaka 2006 mfugaji wa Marekani, Dave Hackenberg, alifungua mizinga yake huko Florida akakuta nyuki wametoweka, wala mizoga yao haionekani. Wafugaji wenzake wengi wakatoa habari kama hiyo. Aprili 2007 gazeti la Uingereza, The Independent, likauliza kama simu za mkononi ndizo zinazowamaliza nyuki, likitegemea utafiti wa Chuo Kikuu cha Landau, Ujerumani. Habari ikaenea dunia nzima. Lakini watafiti wa Landau hawakuwa wamepima simu za mkononi hata kidogo. Walichofanya ni kuweka ndani ya mizinga vituo vya simu zisizo na waya zinazotumika nyumbani, na wao wenyewe walilalamika kwamba kazi yao imepotoshwa.

Je, basi hakuna kitu? Kipo. Mwaka 2011 Daniel Favre wa Uswisi aliweka simu za mkononi karibu na masega, akazipiga, akarekodi sauti za mzinga. Baada ya muda nyuki watenda kazi walianza kutoa mlio mkali, ule wanaoutoa kundi linapojiandaa kuondoka au linaposumbuliwa. Mwaka 2019 utafiti wa Ujerumani uliona kwamba malkia waliokua karibu na simu walitoka wachache kwenye vyumba vyao, ila waliotoka walipandana kama kawaida. Mwaka uliofuata, Arno Thielens wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, pamoja na wenzake, walionyesha kwa hesabu kwamba kadiri mawimbi yanavyokuwa ya masafa ya juu, kama yale ya mitandao mipya ya simu, ndivyo mwili wa nyuki unavyoyafyonza zaidi.

Simu iliyo ndani ya mzinga, hata hivyo, si sawa na mnara ulio kilimani. Nguvu ya mawimbi hushuka upesi kwa umbali: ukienda mbali mara kumi zaidi, inabaki sehemu moja kati ya mia. Tena antena haielekezi nguvu yake chini. Inaisukuma mbele, karibu sambamba na ardhi. Kwa nchi ya milima hilo lina maana kubwa, kwa sababu mzinga uliowekwa kwenye mteremko unaotazamana na antena unaweza kupata mawimbi mengi kuliko ule ulio chini kabisa ya mnara.

Utafiti unaokaribia zaidi hali hiyo ulifanyika kwenye visiwa viwili vya Ugiriki, Lesbos na Limnos, ukatoka mwaka 2016. Karibu na minara, mbawakawa, nyigu na aina fulani za nzi wa maua walipungua. Nyuki wa porini wanaojenga chini ya ardhi waliongezeka. Matokeo ya namna hiyo hayamruhusu mtu kusema kwamba mnara unaua nyuki, wala hayamruhusu kusema kwamba haudhuru kitu.

Kuna jambo ambalo mfugaji wa Kivu analijua kuliko mtafiti wa Ulaya: nyuki wa Afrika huhama. Wakivamiwa na siafu, wakipigwa jua kali, wakikosa maua au wakirinwa asali yote bila kuachiwa akiba, kundi zima linaondoka na kuacha masega. Mzinga mtupu Florida ulikuwa msiba na fumbo. Mzinga mtupu huku Lubero, kusini mwa Butembo, mara nyingi ni nyumba iliyohamwa. Kuulaumu mnara kabla ya kukagua siafu, kivuli na chakula ni kukosa nafasi ya kuwarudisha nyuki.

Hatari zilizo wazi ni nyingine. Msitu unakatwa kwa mbao, makaa na mashamba mapya, na pamoja nao yanaondoka maua. Dawa za wadudu zikinyunyizwa mchana, mimea ikiwa katika maua, zinawakuta nyuki kazini. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia katika eneo la Beni yamewakimbiza wakulima wengi mashambani, na mzinga usiotembelewa hauna wa kuukinga. Pia Varroa, utitiri unaonyonya nyuki na watoto wao, ulithibitishwa nchini Kenya mwaka 2009.

Hasara ya kuwapoteza nyuki haiishii kwenye asali. Mwaka 2002 David Roubik alieleza kutoka Panama jinsi nyuki wenye asili ya Afrika walivyoongeza mavuno ya kahawa ya arabika kwa zaidi ya nusu, na arabika ndiyo kahawa ya milima ya Butembo na Lubero. Kakao ya Beni huchavushwa na vijinzi vidogo, lakini maboga na maparachichi ya jirani yanamhitaji nyuki.

Swali la minara linaweza kupimwa hapahapa. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, Butembo, kina kitivo cha kilimo. Mizinga ya aina moja iwekwe karibu na mnara na mingine mbali, yote kwenye kivuli na maua yanayofanana, kisha makundi yahesabiwe na asali ipimwe kwa misimu kadhaa. Wakati huo, wafugaji, msiweke mizinga mbele ya antena, na simu ikae mbali na masega mnapokagua. Nanyi wakulima, nyunyizeni dawa jioni, nyuki wakiwa wamerudi.