Askari Aliyeumia Kazini na Haki ya Riziki



Askari aliyeumia akilitumikia taifa lake aweza kuwa hai, hata akatembea, lakini asiweze tena kushika kazi ya kumpatia riziki. Je, alipwe kwa kipimo cha jeraha lake, au kwa kipimo cha riziki aliyoipoteza? Leo tutazame jinsi sheria ya Marekani inavyolijibu swali hilo.

Nchini humo, Idara ya Wanajeshi Wastaafu hupima kila ulemavu uliotokana na utumishi kwa asilimia, tangu sifuri hadi 100. Asilimia hizo hazijumlishwi kama fedha sokoni. Mwenye ulemavu wa asilimia 50 huhesabiwa kuwa amebakiwa na nusu ya uwezo wake. Akiwa na ulemavu wa pili wa asilimia 40, hukatwa asilimia 40 ya nusu hiyo, yaani 20. Jumla ni 70, wala si 90.

Hapo ndipo kipimo cha pili kinapoingia. Ikiwa ulemavu mmoja umefikia asilimia 60, au kadhaa kwa pamoja umefikia 70 na mmojawapo si chini ya 40, na kwa sababu hiyo mhusika hawezi kushika kazi ya kudumu yenye kipato cha kutosha, hulipwa sawa na mwenye ulemavu wa asilimia 100. Kibarua cha hapa na pale, chenye kipato kisichofikia kiwango cha umaskini, hakimnyimi haki hiyo.

Hata hivyo, haki hiyo haiji yenyewe. Mdai hana budi kuonyesha, kwa hati za daktari na kumbukumbu za utumishi na za ajira, kwamba kinachomzuia ni ulemavu wa utumishi, si uzee wala maradhi mengine. Ushahidi ukilingana pande zote mbili, sheria yaagiza mdai ndiye apewe haki. Akikataliwa, anao mwaka mmoja wa kuomba shauri litazamwe upya.

Funzo kwa askari na polisi wa nchi yoyote ni wazi. Jeraha linalofichwa leo kwa kujikaza laweza kukosa shahidi baada ya miaka 20. Kuliripoti si woga. Ni wajibu wa askari kuhakikisha limeandikwa, na wajibu wa mkubwa wake kuhakikisha hati haipotei. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na mali ya kwanza ya askari ni mwili wake.