SUBIRA HUVUTA HERI, NGOJA NGOJA HUUMIZA MATUMBO: Siri ya Usingizi wa Prosesa

Methali hizi mbili zimekuwa zikigombana tangu jadi. Moja yatuambia tungoje, nyingine yatuonya tusingoje. Mwanafunzi akiulizwa ni ipi iliyo kweli, hukuna kichwa. Mimi nimepata mahali ambapo zote mbili ni kweli, napo ni ndani ya kompyuta. Katika makala haya nitaeleza jinsi kompyuta inavyoamua kulala au kungoja, na kwa nini uamuzi huo huwa mgumu zaidi kompyuta moja inapokaliwa na wageni wengi. Wengine huiita ngamizi, wengine tarakilishi. Mimi nitasema kompyuta ili tusipotezane njiani.

Hebu tuanze na prosesa, yaani ule ubongo wa kompyuta unaofanya hesabu zote. Prosesa ya kisasa yaweza kwenda mapigo bilioni 3 kwa sekunde moja. Sasa wewe unapiga chapa, na baina ya herufi moja na nyingine unachukua moja ya tano ya sekunde. Kwako huo ni upesi. Kwa prosesa ni mapigo milioni 600 ya kukaa bure! Ikiachwa izunguke bila kazi itakula stima na kutoa joto, joto nalo lahitaji feni, na feni nayo yataka stima. Ndiyo maana prosesa za Intel na za ukoo wake zina amri iitwayo HLT, maana yake simama. Prosesa ikipewa amri hiyo husimama mpaka iamshwe na ishara, kama vile kubonyezwa kwa kibodi au kufika kwa ujumbe wa mtandao.

Usingizi wenyewe una vina mbalimbali. Mfikirie mama mwenye kibanda cha chapati. Wateja wakipungua, anaweza kuacha makaa yawake, au kuyafukia kwa jivu, au kuyazima kabisa. Akiyazima anaokoa makaa mengi, lakini mteja atakayefuata atangoja sana. Prosesa ni vivyo hivyo. Katika Linux, prosesa za seva za Intel aina ya Skylake, zilizotoka mwaka wa 2017, zimeandikiwa hivi: kuamka kutoka usingizi mwepesi uitwao C1 huchukua mikrosekunde 2, kutoka C1E huchukua 10, na kutoka ule mzito, C6, huchukua 133. Mikrosekunde ni sekunde moja ikigawanywa mafungu 1,000,000. Tena imeandikwa kwamba C6 haina faida ikiwa prosesa haitalala angalau mikrosekunde 600, maanake kuingia na kutoka usingizini kwenyewe kunakula nguvu.

Sasa waje wageni. Tangu miaka ya 1960 kampuni ya IBM ilijua kuigawa kompyuta moja kubwa ikawa kama kompyuta nyingi. Mwaka wa 2007 Linux nayo ilipata uwezo huo kwa jina la KVM. Kila kompyuta pepe hujiona ina prosesa yake, kumbukumbu yake na diski yake, kumbe imepangishwa chumba tu. Hiyo kompyuta pepe tuiite mgeni, na kompyuta halisi tuiite mwenyeji. Siku hizi makampuni hukodisha wageni wa namna hii kwa saa, na mpangaji anaweza kuwa nchi nyingine kabisa.

Mgeni akikosa kazi husema HLT, akidhani ameilaza prosesa. Thubutu! Chumba ni chake lakini prosesa ni ya mwenyeji. Amri yake inanaswa, mgeni anatolewa kwenye prosesa, na mwenyeji anatazama kama kuna mwingine mwenye kazi. Akikosekana, ndipo mwenyeji anapoilaza prosesa halisi. Baadaye ujumbe wa yule mgeni unafika. Prosesa halisi iamke kwanza, mwenyeji aupokee ujumbe, ampange mgeni kwenye foleni, amrudishie hesabu zake pale alipoziachia, kisha mgeni naye ashtuke na kuushughulikia. Kila hatua inachelewesha.

Utauliza, mikrosekunde 133 ni nini bwana? Si hata jicho halijafumba? Kwa ujumbe mmoja, ni kweli. Lakini tuseme programu moja inauliza maswali 1,000, kila swali likingoja jibu la lililotangulia, na kila mara upande wa pili unakutwa katika usingizi wa C6. Zidisha mwenyewe: mikrosekunde 133,000, yaani zaidi ya moja ya kumi ya sekunde imepotea katika kuamshana tu, hata kazi yenyewe haijahesabiwa. Mtu aliye mbele ya kioo anaanza kulalamika kwamba mashine ni goigoi.

Dawa ya kwanza ni kuikataza prosesa isilale kabisa. Inawezekana, na kuna mahali hufanywa. Lakini hapo makaa yanawaka usiku kucha bila mteja, na stima inalipiwa.

Dawa ya pili ndiyo iliyonivutia: ngoja kidogo, kisha ulale. Tangu mwaka wa 2015, mgeni wa KVM anaposema HLT, mwenyeji hailazi prosesa papo hapo. Huchungulia kwanza mlangoni kwa muda mfupi, kwamba labda ujumbe u njiani. Kwa kawaida, katika prosesa za Intel na AMD, muda huo hauzidi mikrosekunde 200.

Je, mtu angoje kwa muda gani? Hapa kuna hesabu tamu. Tuseme tumepima hasara zote kwa kipimo kimoja, na hasara ya kulala kisha kuamshwa ni 50. Basi ngoja mpaka utimize 50, halafu lala. Ujumbe ukija ulipongoja 30, umepoteza 30 tu. Usipokuja, umepoteza 50 za kungoja na 50 za kuamshwa, jumla 100. Mtabiri ambaye angejua yajayo angelala mara moja na kupoteza 50. Kwa hiyo hata bahati ikiwa mbaya namna gani, hupotezi zaidi ya mara mbili ya mtabiri. Nani atakataa hesabu hiyo?

KVM inajaribu kufanya vizuri zaidi, kwa kujifunza kutokana na yaliyopita. Mgeni akilala na kuamshwa mara tu baada ya kulala, mwenyeji anaona kwamba angengoja kidogo tu angemuwahi. Basi safari nyingine anangoja mikrosekunde 10, kisha 20, kisha 40, akiongeza maradufu mpaka kikomo. Mgeni akilala usingizi mrefu, mwenyeji anapunguza muda wa kungoja.

Lakini ni nani hasa angoje, mwenyeji au mgeni? Hapo ndipo kuna haki za watu. Mwaka wa 2019 Linux ilimpa mgeni pia uwezo wa kungoja mwenyewe kabla ya kusema HLT. Faida yake ni kubwa. Mgeni hatolewi kwenye prosesa, na prosesa yake nyingine ikitaka kumpa kazi haina haja ya kumpelekea ishara ya kumwamsha, kwani yuko macho. Ili wasingoje wote wawili, mgeni humwambia mwenyeji aache kungoja. Ubaya wake ni huu: mwenyeji anapongoja na mgeni mwingine akapata kazi, mwenyeji huacha kungoja akampisha mwenye kazi. Mgeni anapongoja mwenyewe, mwenyeji haoni kama anangoja au anafanya kazi. Jirani yuko foleni na kazi yake mkononi, na huyu amesimama jikoni hapiki.

Na tukumbuke nani analipa. Anayekodi kwa saa halipi zaidi mgeni wake akikesha bure, kwa hiyo hana sababu ya kumhimiza alale. Bili ya stima ni ya mwenyeji, na kuchelewa ni kwa jirani. Tena muda wa kungoja huhesabiwa kama kazi. Kikomo kikiongezwa ovyo, mashine ambayo karibu ni tupu yaweza kuonekana imeshikika asilimia 100, na msimamizi asiyejua akaenda kununua mashine nyingine. Pesa hizo zimekwenda na maji.

Mimi naona hivi. Mgeni aliyetengewa prosesa yake peke yake, acha angoje mwenyewe, kwani hamzuii mtu. Wageni wakishiriki prosesa, mwenyeji ndiye angoje, kwa sababu yeye ndiye anayeona foleni yote. Na kazi ambayo hakuna anayeingojea, kama hesabu za usiku, ilazwe usingizi mzito na stima iokolewe.

Basi methali zetu zipatane. Subira huvuta heri ikiwa imepimwa; ikipita kipimo, ngoja ngoja huumiza matumbo, na mara nyingine tumbo linaloumia ni la jirani. Wenzangu mnaopenda hesabu na mnaopenda Kiswahili, mwaonaje? Kalamu naiweka chini, nikisubiri majibu yenu katika toleo lijalo.